Maandishi Yetu Yamepanga kwa Nani?

Ukisimama gatini Kisorya asubuhi, kabla upepo haujaanza kuchafua maji, kisiwa cha Ukerewe huonekana karibu kiasi cha kudhani kwamba ukimwita mtu aliyeko Rugezi atakuitikia. Katika kisiwa hicho aliishi Aniceti Kitereza, ambaye mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na mkewe, Bibi Bugonoka. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, tena kwa Kiswahili, baada ya mzee mwenyewe kukaa chini na kukitafsiri ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka uliofuata, 1981, alifariki dunia.

Miaka 35! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule mswada ulipokamilika alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake wakati kitabu kinatoka. Wasomi wamekwisha kueleza sababu, nao wanazijua kuliko mimi: lugha yenye wasomaji wachache, wachapishaji wasioona faida, mswada mnene mno. Yote ni kweli. Lakini kila ninapofikiri habari ile nakwama kwenye jambo dogo zaidi, nalo ni la kimwili kabisa: katika miaka yote hiyo, zile karatasi zilikaa wapi? Nani alizitunza zisiliwe na mchwa, zisinyeshewe, zisiwashiwe jiko na mtu asiyejua? Sisi watu wa kandokando ya ziwa tunajua mchwa hula nini. Mwandishi anaweza kuwa na kalamu, na akili, na subira, lakini asipokuwa na mahali pa kuyaweka maandishi yake, na mtu wa kuaminika wa kuyalinda, kazi yake ni kama dagaa aliyeanikwa mchangani mawingu yakitanda.

Nimeanza na Kitereza kwa kuwa ninalotaka kulieleza linadhaniwa na wengi kuwa la kisasa mno, la vijana wa mjini wenye kompyuta za mapajani. Nalo ni hili: mtu anayeandika katika mtandao wa intaneti, maandishi yake yanakaa wapi, na huchaguaje mwenye nyumba?

Maana yanakaa mahali. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo wenzangu wengi walipata taabu kulikubali. Watu husema "iko mtandaoni" kama vile wanasema "iko hewani", kama sauti ya redio ambayo ikishapita imepita. Sivyo. Kila ukurasa unaousoma kwenye simu unatoka katika mashine fulani, iliyo katika chumba fulani, katika nchi fulani, inayokula umeme wa mtu fulani. Mashine hiyo huitwa seva. Mwingereza Tim Berners-Lee, alipobuni wavuti akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, mpango ambao aliupendekeza mwaka 1989, alitumia kompyuta moja ya NeXT kuwa seva ya kwanza duniani, akaibandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono kuwaonya watu wasiizime. Nacheka kila ninapoikumbuka karatasi hiyo. Wavuti yote ya ulimwengu, wakati ule, ilikuwa inategemea mtu wa usafi asikose kusoma kibandiko.

Mwaka 2008 nilianza kuandika habari za kwetu: Kisorya, Kibara, na upande wote wa Mwibara hadi Majita. Nilihoji wazee juu ya safari za mitumbwi kabla ya kivuko, juu ya pamba, juu ya kuhamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, na juu ya maji. Maji hasa. Ziwa letu lilipanda sana kati ya mwaka 1961 na 1964, zaidi ya mita 2, na wazee walionisimulia waliweza kuonyesha kwa kidole mahali nyumba za baba zao ziliposimama, na palikuwa ziwani. Mpwa wangu aliyekuwa akisoma Mwanza ndiye aliyenifungulia blogu, ya bure, na kila mwezi nikawa navuka kwenda mjini na daftari langu.

Kwa nini ya bure, na kwa nini kwa Wamarekani? Hapa ni lazima nirudi nyuma kidogo, maana vijana wa leo hudhani tulikuwa tunapenda vya bure tu.

Kikoa cha nchi yetu, yaani zile herufi .tz zinazokaa mwishoni mwa anwani, kiliingizwa katika orodha ya dunia mwaka 1995. Lakini kuwa na jina si kuwa na nyumba. Katika miaka ile na mingine mingi iliyofuata, mawasiliano yetu na dunia yalipita katika setilaiti. Setilaiti za aina ile hukaa angani umbali wa kilomita zipatazo 36,000, na ishara inapopanda, ikashuka, jibu nalo likapanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha kwenda kabla ya neno lolote kuonekana. Tena bei yake ilikuwa kubwa, na njia nyembamba. Mtu aliyeweka seva yake Dar es Salaam wakati huo alikuwa kama muuza duka aliyejenga ng'ambo ya mto usio na daraja: wateja wa nje, wakiwemo Watanzania wengi waliokuwa masomoni na makazini ughaibuni, walimfikia kwa taabu. Hata mtu wa Mwanza akitaka kusoma kilichoko Dar es Salaam, mara nyingi ishara yake ilisafiri hadi Ulaya au Marekani ikarudi, kwa kuwa kampuni za intaneti za hapa zilikuwa hazijaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2004 ndipo lilipoanza Dar es Salaam soko la kubadilishana mawasiliano kati ya kampuni hizo, linaloitwa TIX kwa kifupi, ili barua ya jirani kwa jirani isipitie London.

Kwa hiyo waliotangulia walipanga ng'ambo, na walifanya la busara. Ndesanjo Macha, ambaye Jikomboe yake ilikuwa miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, aliandika akiwa Marekani. Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti ya serikali aliyekuwa akijulikana tayari, alifungua blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwa kuhimizwa na huyo huyo Macha, na akaiweka katika huduma ya Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Hakulipa kodi ya pango. Umati wa watu waliomiminika kutazama picha zake kila siku ungeweza kuizimisha seva ndogo ya kulipia, lakini Google walikuwa na mashine nyingi kuliko watazamaji wote wa Tanzania. Mwandishi aliyekuwa na wasomaji wanaoongezeka na mfuko usioongezeka angekwenda wapi kwingine?

Lakini kukaa bure kwa mtu kuna masharti yake hata kama hayakuandikwa. Mwenye nyumba akiamua kuuza kiwanja, hakuiti kikao. Kulikuwa na mji mkubwa wa namna hii ulioitwa GeoCities, ulioanza mwaka 1994, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao. Yahoo iliununua mwaka 1999. Mwezi Oktoba 2009 iliufunga. Mji mzima! Wapo wapenzi wa kumbukumbu waliokimbilia kunakili walichoweza, na tunawashukuru, lakini ukurasa ambao mwenyewe hakuwa na habari, au alikwisha kufa, au alisahau neno lake la siri, ulikwenda na maji isipokuwa kwa bahati.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Mimi sikuwa mtu wa kushangilia nyaya, lakini faida yake niliiona. Mwanga katika mkongo hukimbia kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kwenda Ulaya na kurudi ikawa jambo la sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo. Serikali nayo ikautandaza Mkongo wa Taifa mikoani. Ghafla ikawa na maana kuwa na seva nyumbani, na kampuni za kuhifadhi tovuti zikachipuka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kama uyoga baada ya vuli.

Na uyoga, kama tujuavyo, si wote wa kula.

Rafiki yangu mmoja wa Bunda, aliyekuwa akiandika habari za uvuvi wa sangara na kanuni za nyavu, alihamia kwenye kampuni moja ya namna hiyo. Bei ilikuwa nafuu, simu ilipokelewa kwa Kiswahili, na malipo yalifanyika kwa simu ya mkononi. Alifurahi miaka miwili. Kisha siku moja tovuti haikufunguka, simu haikupokelewa, na ofisi, alipoifuata, ilikuwa imekuwa saluni. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba ile "kampuni" haikuwa na seva hata moja. Ilikuwa imekodi nafasi kwa kampuni ya ng'ambo na kuwakodisha wengine vipande vipande, kama mtu aliyepanga nyumba nzima kisha akapangisha vyumba. Kodi ya ng'ambo isipolipwa, wapangaji wote hutupiwa vyombo nje, hata wale waliolipa. Na kibaya zaidi, jina la tovuti yake halikuwa lake. Lilisajiliwa kwa jina la fundi. Hata alipopata mahali pengine pa kuhamia, hakuweza kwenda na anwani yake. Wasomaji waliomzoea waliendelea kugonga mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Nililipima jambo hilo kwa muda mrefu. Kukodisha ulichokodi si uovu kwa yenyewe; ndivyo biashara nyingi duniani zinavyokwenda, na wapo wafanyao hivyo kwa uaminifu mkubwa. Tatizo ni mpangaji kutojulishwa. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri, swali langu la kwanza huwa ni kuhusu jina. Jina la kikoa ni hati ya kiwanja. Seva ni nyumba ya kupanga. Nyumba utahama mara nyingi katika maisha, lakini hati isikae kwa mwingine. Kwa majina ya .tz, usimamizi wake uliwahi kuwa mikononi mwa tzNIC, shirika lililoundwa mwaka 2006, na mtu anaweza kutafuta katika orodha ya usajili akaona kikoa kimeandikwa kwa nani. Ni kazi ya dakika 2.

Blogu yangu ilikua. Siyo kwa kulinganisha na za watu wa mjini, la hasha, lakini wana wa Mwibara na Ukerewe wametawanyika, na wengi walikuwa wakitafuta sauti za babu zao. Nasema sauti kwa makusudi. Nilikuwa nimekusanya mazungumzo ya zaidi ya saa 40 katika kinasa sauti, na ile huduma ya bure haikuwa na mahali pa kuweka sauti. Maandishi na picha tu. Mpwa wangu alipiga hesabu: saa moja ya mazungumzo, ikibanwa vizuri, ni megabaiti 29 hivi, saa 40 hazifiki hata gigabaiti moja na robo. "Mjomba," akaniambia, "nafasi siyo tatizo. Tatizo ni wasikilizaji 200 wakifungua siku moja." Alikuwa na haki. Kampuni hutangaza "nafasi isiyo na kikomo", lakini ukisoma maandishi madogo ya mkataba, kikomo kipo. Kimehamishiwa tu kwenye nguvu ya mashine. Katika upangaji wa bei ndogo, tovuti mamia hukaa katika seva moja kama wapangaji wa nyumba moja ya uswahilini wenye bomba moja la maji. Jirani akifanya harusi, wewe huogi.

Kabla sijahama, hata hivyo, ilikuja ile Machi ya 2018, na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni ya TCRA. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyingine, jumla 2,100,000. Mtu wa Kisorya apate wapi fedha hiyo kwa ajili ya hadithi za mitumbwi? Mwezi Juni muda wa kujisajili ulipokwisha, niliacha kuchapisha, kama walivyoacha wengi. Hata JamiiForums, jukwaa kubwa lililoanza mwaka 2006, lilifungwa kwa muda katika siku zile. Sikuacha kurekodi, lakini. Wazee hawangoji kanuni.

Katika kimya hicho nilipata wasaa wa kulitazama swali la mahali kwa jicho lingine. Mkurugenzi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016, na mojawapo ya mashtaka aliyofikishwa nayo katika Mahakama ya Kisutu lilihusu kuendesha tovuti ambayo kikoa chake hakikusajiliwa Tanzania. Kesi zile zilikwenda miaka kadhaa na sitazieleza hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba zile herufi mbili za mwisho wa anwani, ambazo wengi huzichagua kama rangi ya shati, zilikuwa zimeingia katika hati ya mashtaka. Kuna wanaosema: weka kila kitu ng'ambo, ukae salama na mkono wa wenye amri. Kuna wanaosema: weka kila kitu nyumbani, uwe raia mwema na usitegemee wageni. Mimi naona pande zote mbili zinajibu swali la hofu, na hofu ya mtu hutegemea anachoandika. Anayefichua rushwa na anayeandika kilindi cha ziwa hawana mwenye nyumba mmoja anayewafaa wote.

Mwaka 2020 maji yalipanda tena. Mwezi Mei ziwa lilifikia kimo ambacho halikuwa limefikia tangu ile miaka ya 1960, na mahali pengine kukipita. Nilipiga picha ufukweni, mashamba yaliyozama, miti iliyosimama majini. Mzee mmoja aliyekuwa kijana mwaka 1962 alinionyesha kwamba maji yamerudi kugusa jiwe lile lile alilonitajia miaka kumi kabla katika mazungumzo niliyoyarekodi. Picha na sauti, vikiwekwa pamoja, vilikuwa ushahidi ambao sikuwa nimeuona mahali pengine. Ndipo nilipoamua kwa dhati kuvitafutia nyumba ya kudumu, kanuni au hakuna kanuni.

Nikaanza kuuliza kampuni. Ahadi wanayoipenda sana ni ile ya "asilimia 99.9". Sikia inavyosikika: kama mtihani wa mtoto mwenye akili. Lakini mwaka una saa 8,760, na sehemu moja ya elfu yake ni saa 8 na dakika 45. Kampuni inaweza kuzimika mchana mzima, saa za kazi, na bado ikawa haijavunja neno. Wala fidia wanayoitoa wakilivunja si kitu. Watakurudishia sehemu ya kodi ya mwezi. Nilizoea kuuliza maswali mengine, ya kizee. Seva yenyewe iko mji gani? Nakala ya akiba inachukuliwa kila baada ya siku ngapi, na inakaa wapi? Nikitaka kuondoka kesho, nitaondokaje na vyombo vyangu? Nilikuwa nikiuliza usiku wa manane pia, kwa barua pepe, ili kuona kama jibu litakuja kabla ya jogoo. Mmoja alijibu baada ya siku 9.

Katikati ya upelelezi huo, tarehe 10 Machi 2021, moto uliunguza jengo la kuhifadhi seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Hii ni kampuni kubwa, si saluni. Jengo la ghorofa tano liliteketea, na tovuti zinazohesabiwa kwa mamilioni zilizimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi baada ya siku chache. Lakini wapo waliogundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa zikitunzwa hapo hapo. Moto ule ule ukala kitu na kivuli chake. Nilimsomea mpwa wangu habari hiyo kwa simu, akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe hata Wazungu wana mchwa."

Basi kanuni zilibadilishwa mwaka 2020 na tena mwaka 2022, ada zikashuka, na mwaka huo wa 2022 nikahamia kampuni ya Dar es Salaam ambayo seva zake ziko Dar es Salaam kweli. Mpwa wangu alikwenda kuziona kwa macho, akaonyeshwa jenereta na matangi ya mafuta. Jina ni la .tz na limeandikwa kwa jina langu. Kila usiku nakala huenda Ulaya kwa kampuni nyingine isiyo na undugu wowote na hii ya kwanza. Kodi ya zote mbili kwa mwaka haifiki bei ya mbuzi mzuri. Sikuichagua kwa sababu ni bora duniani. Niliichagua kwa sababu wasomaji wangu wengi wako Mwanza, Bunda, Musoma na Nansio, wanasoma kwa bando la kununua, na kwa sababu nikipiga simu hupokea mtu anayejua Kisorya ni wapi, au walau hujifanya anajua.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile blogu yangu ilifunguka Bunda, kwa kujikokota, wakati tovuti za ng'ambo zilikuwa zimegoma kabisa. Ndugu yetu aliyeko Muscat hakuipata. Nilijisikia vizuri, nakiri, kama mtu aliyelima mihogo mwaka wa ukame. Lakini raha hiyo ilikuwa na kipimo chake. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na kuendelea hivyo kwa siku kadhaa, Dar es Salaam na Ulaya zikawa umbali mmoja. Seva yangu ilikuwa nzima, inapumua, ina mafuta ya jenereta, na hakuna aliyeweza kuifikia.

Siku ya tatu ya kimya kile, mama mmoja wa hapa kijijini alikuja kuniomba jambo. Mumewe, ambaye ni mmoja wa wale niliowarekodi, alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki, na familia ilikuwa imekusanyika kwa ajili ya misa. Watoto walizoea kumsikiliza baba yao kwa simu, na sasa haikuwezekana. "Mwalimu, ile sauti imefungiwa huko?" akaniuliza. Nilifungua sanduku la bati lililoko chini ya kitanda, ambamo huweka nakala zote katika flashi mbili na karatasi zilizochapwa, zikiwa zimefungwa kwenye nailoni pamoja na majani ya mwarobaini. Tuliichomeka flashi katika redio ya kijana wake, ile ya kutumia betri. Mzee akaanza kusimulia jinsi walivyovuka kwenda Rugezi kwa kasia usiku mmoja wa mwaka 1962, wakimpeleka mgonjwa, na jinsi maji yalivyokuwa yamemeza mti waliozoea kufungia mtumbwi. Wajukuu wakataka arudie pale anapocheka.